Juu Kwangu Kuna Wapangaji Wasiolipa Kodi

MUULIZE FUNDI

Barua za mwezi huu nimezipanga mezani kama karata, na kati ya kumi na nne, tisa ni za panya. Sishangai. Mahindi yameshaingia ndani, baridi ya milimani imeanza kuuma, na kila mwenye manyoya anatafuta pa kulala. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa imebeba maswali ya wengi. Zilizobaki nitazipitia mbio mbio.

*

Fundi, salaam kutoka Soni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimerudi kuishi katika nyumba ya marehemu baba, nyumba ya mawe yenye kuta nene, hata kizingiti cha dirisha kinamtosha mjukuu wangu kukaa na daftari lake, miguu juu. Wazee wanasema ilijengwa enzi za Mjerumani. Baba aliinunua baadaye, akatoa vigae na kuweka bati. Dari ni ya mbao. Na juu ya dari, Fundi, kuna watu. Tukizima taa tu wanaanza: wanakimbia kutoka upande wa jikoni hadi juu ya kitanda changu, wanaburuza vitu, wanaguguna. Juzi niliweka chai mezani, vumbi likadondoka humo humo kikombeni.

Mwaka jana nilinunua dawa siku ya gulio, kwa kijana anayepita na spika. Panya wawili walifia ndani ya ukuta, nyumba ikanuka majuma matatu. Na paka wetu, Sijali, akafa naye. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Alimzika chini ya mparachichi uliotanda juu ya paa, na tangu siku hiyo ameapa kwamba hakuna atakayeuawa tena nyumbani hapa. Nami sina hamu tena na sumu. Je, ipo njia ya kuwatoa bila kuwaua? Mahindi yetu tunayaweka darini juu ya jiko, kama wazee walivyofanya.

Mwalimu, Soni, Lushoto

*

Mwalimu, pole kwa Sijali. Sumu nyingi za panya zinazouzwa huzuia damu kuganda. Panya akishaila hafi papo hapo. Siku tatu, nne, hata tano anazungukazunguka amelegea, na paka humdaka huyo huyo kwa kuwa hana mbio. Ndiyo hesabu iliyomwondoa Sijali. Zile za kwenye chupa isiyo na lebo sizisemi kabisa, maana anayeziuza mwenyewe hajui kilichomo. Wauzaji huapa kwamba panya akila atatoka nje kufuata maji afie huko. Hao wako wawili waliofia ukutani nadhani kiapo hicho hawakukisikia.

Kwa hiyo mjukuu wako na mimi tuko upande mmoja, ingawa sababu zetu zinatofautiana kidogo. Yeye anamhurumia panya. Mimi nimepanda mapaa tangu 1972, nikiwa kijana wa miaka kumi na minane pale Korogwe, na nilichokiona ni kwamba anayeua panya bila kuziba nyumba anawapisha panya wengine. Chumba kimebaki wazi, chakula kipo, na jirani yao aliyekuwa anabanana kwenye ghala la pili anahamia. Mwaka unaofuata mwenye nyumba ananiita tena.

Kwanza hakikisha ni nani aliyeko juu. Popo hakimbii kwenye ubao. Yeye hukwaruza jioni anapotoka na alfajiri anaporudi, na kinyesi chake ukikiminya kikavu kinabomoka na kuwa unga. Komba anadunda kama mtu amerusha embe juu ya bati, halafu analia kama mtoto. Perere huko kwenu nimemsikia mara nyingi, akipiga kelele usiku mgeni anaweza kufunga mizigo, ila huyo ni wa kwenye miti. Unayemweleza wewe, wa kukimbia njia ile ile kila usiku na kuguguna, ni panya wa nyumbani, yule mwembamba mwenye masikio makubwa na mkia unaozidi mwili kwa urefu. Huyu si mchimbaji, ni mpandaji. Waya wa simu kwake ni barabara ya lami.

Kuthibitisha, fanya hivi. Mchana mtume kijana mwepesi apande na tochi na bakuli la jivu lililochekechwa. Anyunyize jivu jembamba juu ya mbao, hapa kiganja, pale kiganja, hasa kando ya ukuta na pale boriti zinapokutana. Asubuhi yake apande tena. Atakuta nyayo ndogo, na katikati yake mstari wa mkia. Aangalie pia boriti: panya akipita mahali miezi na miezi, mafuta ya manyoya yake huacha alama nyeusi inayong'aa, kama ile ya mikono kwenye kitasa cha mlango. Ukiifuata alama hiyo kwa tochi itakupeleka mpaka kwenye tundu.

Ingawa tundu lenyewe naweza kulikisia nikiwa hapa hapa nilipo. Umesema mzee alitoa vigae akaweka bati. Kigae cha zamani kilikaa kwenye ukuta kikiwa kimezibwa kwa chokaa. Bati lina mawimbi. Mahali bati linapolala juu ya ukuta, kila wimbi linaacha uwazi kama nusu mwezi, na panya mkubwa anapita pale dole gumba lako linapopita. Yule mdogo wa jikoni anahitaji uwazi wa kalamu ya risasi tu. Hesabu mawimbi ya bati pande zote mbili za nyumba yako, Mwalimu. Ndiyo idadi ya milango uliyonayo.

Sasa nisikilize kabla hujamwita fundi wa kuziba, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka.

Mwaka 1988 niliitwa kwenye nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge. Dari ya mbao kama yako, panya kama wako. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kazi nyingine inanisubiri. Nikaenda mchana na saidia fundi wangu, tukaziba kila tundu kwa saruji, tukamaliza jioni, nikalipwa, nikaondoka nikipiga mluzi. Siku ya nne mwenye nyumba akanitumia mtu. Nilipofika, mama wa nyumba hakuniamkia. Alinyoosha kidole juu tu. Nilibandua mbao tatu juu ya kitanda cha watoto wao, nikakuta kiota cha magunzi na nyuzi za katani, na ndani yake vichanga saba, vyekundu, vimekufa. Mama yao alikuwa nje wakati naziba. Ukuta wote wa nje, chini ya saruji yangu mbichi, ulikuwa umekwaruzwa. Alikuwa amejaribu kurudi siku zote hizo. Mbao zile nilizirudisha bila malipo. Harufu iliendelea kuwapo nilipoondoka.

Ndiyo maana nasema panya hafukuzwi kwa siku moja, na kuziba ndiyo kazi ya mwisho. Jipe mwezi.

Anza na mahindi. Najua unaniona nakugusa pabaya. Dari juu ya jiko ilikuwa na maana yake: moshi uliyakausha mahindi na kuwasumbua fukusi. Ila jiko la kuni lilipokuwa linawaka tangu alfajiri mpaka usiku, panya naye moshi ulimkera. Leo mnapikia gesi asubuhi na kuni siku za kande, siyo? Moshi umepungua, mahindi yamebaki. Hapo umemwekea mpangaji kitanda na sahani. Yakaushe vizuri, yapukuchue, uyaweke kwenye kihenge cha chuma au pipa lenye mfuniko unaobana. Mifuko ya kinga njaa ni mizuri kwa wadudu, lakini panya anaitoboa kama karatasi, kwa hiyo hata hiyo iingize ndani ya pipa. Chakula cha kuku kifunikwe usiku. Na sufuria ya makombo ya ugali msiache nje ya mlango wa jikoni mpaka asubuhi. Msipofanya haya, haya mengine yote ni kupoteza saruji.

Halafu mparachichi. Usiukate, kuna kaburi chini yake. Punguza matawi mpaka kati ya tawi na paa pawe na mita mbili hivi, maana panya huyu anaruka vizuri kuliko unavyodhani. Maparachichi yaliyodondoka yaokotwe kila jioni, hiyo iwe kazi ya mjukuu. Bomba la maji ya mvua linaloshuka kutoka kwenye gata livishe sketi ya bati, ile ile waliyokuwa wakivisha miguu ya vihenge vya zamani: bati limekunjwa kama faneli, mdomo chini. Panya anapanda, anakuta kichwa chake kiko ndani ya mwavuli, anashuka. Waya wa umeme unaoingia nyumbani usiuguse wewe wala fundi wangu yeyote. Waite wenye umeme. Wakija, waombe waangalie na nyaya za darini, kwa sababu meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, lazima ayasugue kwa kutafuna, na ganda la waya ni laini. Nyumba ya mbao na waya uliomenywa, sina haja ya kumalizia.

Ukishaondoa chakula na madaraja, ndipo uanze kuwaudhi. Panya mama hapendi mwanga wala vurugu karibu na kiota. Tundika balbu darini, usiku na mchana, iwe mbali na mbao na vumbi. Kila siku mbili kijana apande, agonge boriti, asogeze vitu, atoe magunia chakavu na magazeti ya mzee yaliyorundikwa. Akikuta vichanga asiviguse. Ashuke tu. Mama akishaona mahali hapana siri tena, anawahamisha mwenyewe, mmoja mmoja, amewabeba kinywani. Kama hataki kuhama, basi subiri: akishazaa, ndani ya majuma matatu manne watoto wanatoka kujitafutia.

Wakati huo huo fundi aanze kuziba, lakini si matundu yote. Anaziba yote isipokuwa moja au mawili yenye alama nyeusi nyingi. Kwenye mawimbi ya bati aingize kwanza wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, mgumu, kama ule wa kuchekechea mchanga wa lipu. Wavu wa kuku hapana, panya mdogo anapita humo amenyoosha mgongo. Wavu wa mbu hapana, ni salamu tu kwake. Juu ya wavu apige saruji kiasi, na sehemu nyingine aache wavu mtupu, kwa sababu dari inahitaji hewa. Nimeona watu wakiziba kila kitu kama wanazika, mwaka wa pili mbao zimeota ukungu. Matundu madogo kwenye ukuta yajazwe stilwaya ya kusugulia masufuria kisha yazibwe. Matambara, povu na udongo mtupu, panya atakushukuru kwa kumpa mazoezi. Viungo vya mawe vilivyofukuka vijazwe kwa chokaa na mchanga, si saruji tupu. Ukuta wa zamani unapumua, na saruji ngumu huubana mpaka unyevu unatokea ndani. Na kama nyumba ina sehemu ya moto sebuleni, kama nyingi za enzi hizo huko Lushoto, dohani nayo ivikwe kofia ya wavu.

Kwenye tundu lililobaki weka mlango wa kutokea. Ni bomba la wavu ule ule, urefu wa futi moja, limeegemea kushuka nje, na mdomoni pana kipande chepesi cha bati kinachoning'inia kwa waya. Panya akitoka anakisukuma, kinafunguka. Akirudi kinamgomea. Siku mbili tatu za mwanzo kiache kimefungwa juu, wazi kabisa, maana panya anaogopa kitu kipya na atalizunguka bomba kama mlinzi aliyemwona mgeni. Akishalizoea, kiteremshe. Nyunyiza jivu lako tena kila jioni. Usiku tatu mfululizo jivu likibaki safi, na hakuna kichanga kiotani, toa bomba, ziba. Hapo sasa unaweza kunipigia mluzi.

Jambo la mwisho kwako, nalo si la ufundi wa paa. Ninyi wa Lushoto hamhitaji kufundishwa neno tauni. Ulianza kuonekana wilayani kwenu mwaka 1980 na ukawa unarudi na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kinachouleta kwa mtu ni kiroboto, na kiroboto hukaa juu ya panya maadamu mwili una joto. Panya akifa, anahama, na mwenye damu ya joto aliye karibu ni wewe au mjukuu. Hii nayo ni sababu ya kutorundika maiti za panya darini kwa sumu. Mkikuta panya wamekufa wenyewe, bila dawa ya mtu, msiwaguse. Nenda kituo cha afya ukawaambie siku hiyo hiyo. Na utakapofika wakati wa kusafisha dari, usifagie vumbi kavu. Nyunyiza maji yenye dawa ya klorini, acha nusu saa, kisha okota kwa glovu na barakoa mdomoni. Mkojo wa panya nao una mambo yake. Wasomaji wa Lindi wanaikumbuka homa ya mgunda ya 2022.

Mwambie mjukuu kwamba pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Si wale wa darini kwako, lakini ni wa ukoo.

*

Shikamoo Fundi. Nimenunua kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, kinatoa mlio ambao binadamu hausikii ila panya unamkera. Mwezi wa pili sasa, panya bado wapo. Je, nimeuziwa kibovu? Pia jirani ameniambia niweke naftalini darini, na mwingine pilipili kali.

Kijana, Mafinga

*

Marahaba. Huenda si kibovu. Huenda kinapiga mlio wake sawasawa kabisa, na panya wamekizoea kama wewe ulivyozoea mashine ya kusaga ya jirani. Mlio wa namna ile haupenyi ukuta, haupiti nyuma ya gunia, na mahali palipo na chakula panya huvumilia makubwa kuliko hayo. Mimi niliwahi kuweka redio darini kwangu, nikaiacha ikipiga usiku kucha. Siku za kwanza kimya. Juma la tatu nilipanda nikakuta kiota nyuma ya spika. Palikuwa na joto.

Naftalini itakuudhi wewe kabla ya panya. Ule mvuke unashuka chini kwenye vyumba, na kwa watoto wadogo ni sumu, hasa wakiokota kidonge wakadhani ni pipi. Pilipili ikikauka inakuwa vumbi, na dari ikitikisika vumbi hilo linashuka machoni mwenu. Kama una hela ya kifaa cha pili, nunua nayo mita mbili za wavu wa chuma. Soma jibu la Mwalimu hapo juu, uanzie kwenye mawimbi ya bati.

*

Fundi, hujambo? Mimi sitaki sumu kwa sababu nina watoto. Nimeona dukani gundi ya panya, unaitandaza kwenye kadibodi. Na pia kuna mtego wa sanduku unaomnasa akiwa hai. Kipi kina huruma zaidi? Nikimnasa nimpeleke wapi?

Mama Wawili, Same

*

Sijambo, mama. Gundi kaiache dukani. Panya akinasa hafi, anakaa saa nyingi akijivuta, anajitafuna mguu, analia mpaka na wewe unatoka kitandani. Kisha unabaki na kadibodi mkononi na hujui la kufanya. Na hachagui, gundi ile: nimeona mjusi, kifaranga, na siku moja paka mdogo aliyenyolewa manyoya yote ya tumbo ndipo akatoka. Sijui aliyeiweka kwenye rafu ya vitu visivyo na sumu alikuwa anafikiria nini.

Mtego wa sanduku ni bora, lakini nitakwambia ukweli ambao wauzaji wake hawausemi. Panya wa nyumbani ukimwachia mita mia moja kutoka kwako, ataifuata njia ile ile arudi. Ukimpeleka mbali porini, mahali asipojua tundu wala chakula, wengi hawafiki mbali: kanu yupo, nyoka yupo, baridi ipo. Na ukimwachia kando ya nyumba ya mtu, umemhamishia jirani shida. Kwa hiyo mimi nautumia kwa yule mmoja aliyebaki ndani baada ya kuziba, basi. Uweke siku tatu nne ukiwa wazi bila kutegwa, na karanga ndani, azoee kuingia na kutoka. Ndipo uutege. Ukague kila asubuhi, maana panya aliyesahauliwa ndani ya sanduku juani hana tofauti na aliyenaswa kwenye gundi. Vaa glovu. Mwachie jioni, siku hiyo hiyo, nje ya tundu ulilokwisha kuziba. Atahangaika nalo kidogo, kisha atakwenda zake.

*

Shikamoo Babu Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwa bibi yangu huku Muheza, nyumba ya zamani, darini kuna panya, lakini tangu mwezi wa nne amekuja pia bundi, uso mweupe kama kopa. Anaingia kwa tundu la ukutani juu kabisa, chini ya paa. Usiku anatoa sauti kama mtu anakoroma. Baba mdogo anataka kuziba tundu na kumpiga mawe kwa sababu majirani wanasema ametumwa. Bibi hajasema kitu. Wewe unasemaje?

Msomaji wako, Muheza

*

Marahaba, mjukuu. Nasema baba mdogo aweke mawe chini.

Mke wangu ni mtu wa Pangani, na mpaka leo bundi akilia juu ya paa letu ataamka, atatema mate pembeni, atasema "pita na salama." Sijawahi kumkataza. Ila bundi wetu yuko mwaka wa sita sasa, na katika miaka hiyo sita sijanunua mtego wala sijapanda darini kwa ajili ya panya. Huyo mwenye uso wa kopa anawinda kwa masikio: gizani tii anamsikia panya akitembea kwenye majani makavu, anashuka bila sauti ya bawa. Yule bundi wa bibi alifuata panya. Hakuwafuata ninyi.

Kama kuna sauti ya kukoroma, huenda kuna makinda. Kwa hiyo tundu lisizibwe hata kidogo kwa sasa, wala mtu asiweke ngazi pale. Matundu ya chini, yale ya kwenye mawimbi ya bati, zibeni kama nilivyomweleza Mwalimu wa Soni. La juu mwachieni mwenyewe. Mwaka mkiona amehama na mnataka sehemu ile iwe safi, msiharakishe kuziba kabla hamjamtundikia sanduku la mbao nje, upande usiopigwa na mvua. Na sumu ya panya isikanyage nyumba hiyo, maana bundi hufa vile vile kama paka wa Mwalimu.

Una kazi moja ya kufanya kabla baba mdogo hajaanza tena. Nenda asubuhi chini ya tundu hilo, nje, utaona vidonge vyeusi vya manyoya, ukubwa wa dole gumba. Hicho si kinyesi, ni masalia anayoyatapika. Kiloweke kidonge kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, kichambue taratibu kwa njiti mbili. Utakuta mifupa kama sindano, na mafuvu madogo yenye meno ya mbele marefu ya rangi ya machungwa. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na mafuvu mawili, hata matatu. Okota vidonge vya juma zima, uyapange mafuvu kwenye karatasi nyeupe mstari mmoja mmoja kama daftari la hesabu, kisha mpelekee bibi kabla hujampelekea mtu mwingine yeyote.